Birika la Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukunjia bati, na mguu mmoja unapigapiga sakafu bila kutumwa. Mke wangu anasema siku nikifa wanizike na nyundo, la sivyo nitatoka kuitafuta. Karakana yangu iko Bweri, kando ya barabara wanayopita bodaboda kwenda mjini Musoma. Natengeneza mifereji ya mvua, ndoo, majiko, vyombo vya kunyweshea kuku. Ukiniletea kitu kibovu nakitengeneza. Shida ni kwamba hata kizima nakitengeneza, na ndiyo iliyoniponza.

Mama mkwe wangu anakaa Butiama. Miaka mingi alikuwa mpishi wa masista, na siku anastaafu walimpa birika lao la kahawa, lile la aluminiamu linaloitwa pakoleta. Ndani lina bomba jembamba lililosimama katikati, na juu ya bomba kuna kikapu chenye matundu kinamokaa unga wa kahawa. Maji yakichemka yanapanda bombani, yanamwagikia ule unga, yanashuka chini, yanapanda tena. Kwenye mfuniko kuna kichwa cha kioo, unachungulia rangi mpaka ikolee. Kahawa yake niliijua kabla sijaijua sauti yake. Siku nilipokwenda kuposa, binti yake alituletea kwenye sinia, nikanywa, nikasema moyoni hapa naoa hata kama binti ni kichwa ngumu. Alikuwa kichwa ngumu kweli, na nikaoa.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani. Jikoni kwake siingii, mkono simpi, chakula hatuli pamoja. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye mihogo, mimi nageukia upande wa pili mpaka apite. Jumapili tukienda kusali kwao, kanisani yeye yuko mbele kabisa, ndiye anayeongoza rozari kabla ya misa, na mimi niko nyuma mlangoni. Watoto wa siku hizi wanatucheka. Mimi sicheki, maana ile ni heshima, na mtu aliyekupa binti yake haifai kumzoeazoea.

Kisha macho yake yakaanza kuingia giza. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Asubuhi moja akaipua birika vibaya, kahawa ikamwagikia mkono wa kulia. Kaka wa mke wangu, mzaliwa wa kwanza, ana nyumba ya vigae Bunda. Akapiga simu siku hiyohiyo. "Dada, sikiliza. Mama akiungua tena nakuja kumchukua. Hatutaki kikao."

Mama hakutaka kuhama. Butiama kuna kuku wake, kuna kaburi la mume wake nyuma ya nyumba, na kuna jiko analolijua kila jiwe. Mambo mengine yote watu walikuwa wameshaanza kumfanyia: kuchota maji, kufua, hata kumsukia nywele. Kahawa ya asubuhi ndiyo aliyokuwa anapika mwenyewe. Mke wangu alikaa kitandani akilia, anasema wakimtoa pale hatamaliza mwaka.

Mimi kulia sijui. Nikaanza kuzungukazunguka uani, na kabla sijafika bandani nilikuwa nimeshaamua kwamba kosa ni la birika. Kwanza linarudisha kahawa iliyoiva kwenye moto, inachemka tena na tena mpaka inakuwa chungu. Pili halijui kuacha, linasubiri mtu mwenye macho aje aliipue. Nikasema nitatengeneza lenye vyumba viwili: maji safi chini, kahawa juu, na katikati sakafu ya bati. Maji yapande, yapite kwenye unga, yabaki hukohuko juu. Ya chini yakiisha, kazi imekwisha, birika linyamaze lenyewe. Nilijiona nina akili, aisee!

Nikamwambia mke wangu amwombe mama birika nikalikaze kishikio. Kishikio tu, nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Likaja limefungwa kwenye kitenge chake. Nikalitazama jioni yote. Asubuhi nikalibana kwenye jiliwa, nikachukua msumeno, nikalipasua toka juu mpaka chini kama unavyopasua sato, ili nione bomba limekaaje.

Lilikuwa zima. Halikuwa na tundu wala ufa. Ningeweza kupima kwa fimbo na kamba kama fundi mwenye adabu. Mkono wangu ulitaka tu. Mke wangu alipouliza nikamwambia tako lilikuwa limeoza, naye akamwambia mama hivyohivyo. Vile vipande viwili nikavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, juu yake nikatundika koti.

Birika jipya nililitengeneza kwa bati safi na kuliunga kwa lehemu, ile risasi tunayoungia ndoo. Nikalijaribu kwenye jiko la mkaa mara tatu. Kila likinyamaza naliipua, kahawa safi, haina hata chembe ya uchungu. Bomba nikalifunga kipande cha mpira lisipige kelele, maana nilitaka liwe la kistaarabu. Nikamuuliza mke wangu, "Mama anajuaje kahawa imeiva, na haoni rangi?"

"Anajua tu," akasema.

"Anajuaje?"

"Wee naye! Anajua. Ni kahawa yake."

Nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu nilikuwa na haraka. Birika likapelekwa Butiama siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi likayeyuka mafigani.

Lehemu haiogopi moto ikiwa kuna maji, ndiyo maana ndoo yangu unaweza kuichemshia maji ya kuoga mwaka mzima. Lakini birika langu lilimaliza maji yake, likanyamaza, likaendelea kukaa kwenye kuni za mkaratusi likiwa kavu. Viungo vikaachia. Sakafu ikadondoka, kahawa yote ikamwagikia moto, majivu na mvuke vikamrukia mama usoni na kwenye mkono uleule. Kaka mtu alifika mchana na pikapu. Jioni mama alikuwa Bunda.

Mke wangu alimfuata huko, akarudi Jumamosi na uso umevimba. "Hali chakula," akasema. "Wanampa chai ya chupa anaiweka chini. Anakaa kwenye kochi anashika ukuta. Ananiuliza, nilisubiri ligonge nianze Salamu Maria zangu ishirini kama siku zote, sasa mbona limeungua?"

"Salamu Maria ishirini za nini?"

"Si ndivyo anavyopimaga! Likianza kugonga anaanza kusali, zikifika ishirini anaipua."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza!"

"Nilikuuliza! Nilisimama hapa hapa nikakuuliza!"

"Uliuliza huku unagonga bati!"

Tukagombana mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri. Nilipaza sauti kwa sababu nilijua ana haki. Nilikuwa nimempa mama birika lisilogonga, mtu anayepika kwa masikio. Na pale kwenye mafiga alikaa kimya akisubiri ligonge ili aanze kusali.

Sikuweza kukaa. Nikachukua bodaboda mpaka stendi, nikaenda Butiama, nikamwambia jirani nimekuja kuangalia kuku. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nioe: niliingia jikoni kwa mama mkwe. Nilivua viatu mlangoni. Mwenyewe hayupo, lakini niliingia kwa kunyata kama mwizi wa ng'ombe. Kila kitu kilikuwa chini, mahali pa kufikiwa na mkono wa mtu aliyekaa. Kigoda, mtungi, kuni zilizopangwa nyembamba mbele, nene nyuma. Kwenye majivu kulikuwa na matone ya lehemu yangu, yanang'aa.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikafumba macho, nikasali Salamu Maria ishirini. Si kwa mwendo wangu, mimi nasali mbiombio. Nilisali kwa mwendo wake, ule wa kanisani, anaovuta kila neno mpaka watoto wanasinzia. Miaka yote nimekuwa nikiusikia nikiwa mlangoni, nikilalamika moyoni kwamba huyu mama anatuchelewesha. Kipimo nilikuwa nacho muda wote. Nilipofumbua macho machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na sikuona aibu kwa sababu hakukuwa na mtu.

Nilirudi Bweri nikafanya kazi siku nne. Safari hii nilitumia stili, nikachomelea kwa gesi na waya wa shaba, kitu ambacho kuni haziwezi kukigusa. Bomba nililipunguza kidole kimoja chini, ili maji kidogo yabaki daima na tako lisikauke haraka. Mpira nikautupa. Sasa lilikuwa linagonga, tena linagonga kama hodi, na maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba mvuke unapita mtupu, birika linakoroma. Nikaongeza maji, nikapunguza, nikasali, nikaongeza tena, mpaka mkoromo ukaangukia kwenye Salamu ya ishirini. Mteja aliyekuja kuchukua mfereji alinikuta nimefumba macho mbele ya jiko nikimwomba Bikira Maria, akaondoka taratibu bila mfereji.

Mwisho nikatoa kile kichwa cha kioo cha birika la zamani, chenye pengo dogo pembeni, nikakifunga kwenye mfuniko mpya. Sikujua ni kwa nini. Labda nilitaka kitu chake kimoja kimrudie.

Bunda tulifika asubuhi, mimi na mke wangu. Mimi nilikaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko la uani, chini ya dirisha lisilo na kioo. Shemeji yangu alisimama mlangoni kafunga mikono. "Mara hii tu," alisema. Nikasikia mke wangu akiwasha kuni, nikasikia kigoda kikivutwa, nikasikia mama akikohoa. Mkojo ulinibana kama mtoto siku ya mtihani.

Kimya kirefu. Kisha likagonga. Na mama akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema…" Nami huku nje nikaitikia kwa mnong'ono, midomo mikavu, nahesabu kwa vidole. Kumi. Kumi na tano. Kumi na tisa. Salamu ya ishirini alipofika "saa ya kufa kwetu", birika likakoroma. Nikasikia akiipua mwenyewe, bila mtu kumshika. Nikasikia kahawa ikiingia kikombeni, na harufu ikatoka dirishani, ileile ya siku ya kuposa.

Nilitaka kuruka. Lakini mama hakuwa amekunywa. Alikuwa anapapasa mfuniko, ukucha unagonga kwenye kioo.

"Ukuta," akasema.

Mke wangu akashtuka. "Mama, unaongea na nani?"

"Nyamaza wewe, naongea na ukuta. Ukuta, muulize fundi. Hiki kichwa ni cha birika langu, pengo lake nalijua. Mwili wake uko wapi?"

Ningeweza kusema tako lilioza, mke wangu alikuwa shahidi na uongo ulikuwa umeshazoeleka. Nikaweka kipaji cha uso kwenye matofali.

"Ukuta," nikasema, "mwambie mama lilikuwa zima. Nililipasua kwa msumeno nione ndani. Halikuoza. Nilidanganya."

Mke wangu akasema "Yesu wangu!" Shemeji akafungua mikono. Mimi nilifumba macho nikingoja kutukanwa, na nilistahili.

"Nilijua," mama akasema. "Tangu siku ile. Nilikuwa nalipapasa kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, nisijue kama lina tundu? Ukuta, mwambie fundi angeniuliza ningemwambia vyote. Kuna mwiko wa kuonana. Mwiko wa kuuliza aliutoa wapi?"

Nikajifuta vumbi la matofali usoni.

"Na hivyo vipande?"

"Viko msumarini, nyuma ya mlango."

"Avilete Butiama. Kuku wangu wanakosa chombo cha maji." Kisha akageuza sauti, nikajua anamwambia mwanawe. "Umesikia mwenyewe. Kesho unanirudisha."

"Sawa, mama," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nilikuwa nainuka niondoke kabla sijaharibu kitu kingine. Ndipo mkono ukatokea dirishani juu ya kichwa changu, umeshika kikombe. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na toka kidole gumba mpaka kifundoni ulikuwa na makovu mawili: moja la birika lake, na jingine, bichi, la birika langu.

"Ukuta," akasema, "mwambie mwanangu anywe ikiwa moto."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikainamisha uso nisiangalie ndani.