Mhojiwa Namba Saba

Chuo kikuu nilifundishwa kwamba duniani kuna nchi mbili na bidhaa mbili. Nchi moja inafuma nguo, nyingine inatengeneza mvinyo, na hakuna mtu anayeumwa, anayezeeka, wala anayekwenda kumwona wifi yake. Mhadhiri wetu wa biashara ya kimataifa, bwana aliyevaa tai hata Dar es Salaam ilipotokota kwa joto la Februari, alichora mistari miwili ubaoni ikakatana, kisha akarudi nyuma kuitazama kama fundi aliyemaliza kupaka ukuta chokaa. Mvinyo wenyewe tuliujua ule wa altareni tu, na aliyekuwa akiunywa ni padri, sisi tukitazama. Lakini tulinakili. Angekohoa tungenakili na kikohozi.

Ningependa kusema kwamba niliyadharau mambo hayo tangu siku ile. Ningekuwa mwongo. Niliyapenda mno. Nilitoka kijijini upande wa Mabamba, Kibondo, nikasoma sekondari Kasulu, na nilipofika mwaka wa tatu wa chuo nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba kilichotuacha nyuma sisi Waha ni kutoijua nadharia. Likizo niliketi na wazee kwenye pombe ya ndizi nikawaeleza habari za ushuru wa forodha na faida linganishi. Walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa malaria anayeweweseka.

Mwaka wa mwisho tulitakiwa kuandika tasnifu. Wenzangu walichagua kahawa, pamba, bandari. Mimi nikajitia ujanja nikachagua biashara ya mpakani isiyo rasmi, kwa sababu mpaka ulikuwa karibu na migomba ya mama. Mhadhiri alifurahi, akasema hakuna mtu aliyewahi kuiandika pembe ile ya nchi. Ilikuwa kweli. Na watu wa pembe ile hawakuwa wamelalamika.

Mama yangu alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaolewa kwetu. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa bado kule, kwa mjomba, kwenye kilima unachokiona ukisimama nyuma ya nyumba yetu. Ulikuwa mwendo wa nusu asubuhi: njia ya miguu iliteremka bondeni, ikavuka kijito juu ya gogo, ikapanda. Miaka ile ng'ambo kulikuwa na vita. Makambi ya wakimbizi ya upande wetu yalikuwa yamejaa watu, na mpaka ukifunguliwa leo, kesho unafungwa. Mjomba alikataa kuhama. Alisema hawezi kuiacha mibuni yake, na bibi naye miguu ilikuwa imekwisha, mwendo mrefu hauwezi. Mpango wao ulikuwa mmoja tu, na mama aliurudia hata akiwa anachambua mboga: mambo yakichafuka kabisa, mjomba atambeba bibi mgongoni, watapita njia ile, na watafika kwetu kabla jua halijawa kali. Mama alikuwa amekwisha kumtengea kitanda.

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na kapu. Lilikuwa la wifi yake mama, mke wa mjomba, kapu la kusuka lenye mfuniko uliochongoka, ambalo mama aliliita igiseke kwa lugha ya kwao. Lilikuja kwetu na maharage. Chombo cha mtu hakirudi kitupu; kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba undugu umekwisha. Basi lilirudi na chumvi, au dagaa wa Kigoma, au kipande cha sabuni, na kwa kuwa lilirudi na kitu, lilikuja tena na kitu. Hakuna aliyepima. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua hivyo.

Mimi niliyekaribia miaka thelathini sikujua. Nilikaa jikoni na dodoso langu juu ya goti nikamwuliza mama amesafirisha nini ng'ambo mwezi huo, kwa kiasi gani, na kwa kubadilishana na nini. Akacheka, akasema hafanyi biashara. Nikaandika pembeni kwamba mhojiwa anaficha. Kisha nikachota chumvi kwa kopo, nikachota maharage kwa kopo lile lile, nikagawanya, nikagundua kwa furaha kubwa kwamba mama anapunjwa na wifi yake. Nikamwambia. Aliacha kusonga ugali, akanitazama, akaniuliza kama chuoni tunapewa chakula cha kutosha.

Kwa majirani ilikuwa aibu zaidi. Salamu zetu ni ndefu. Watu hupigiana makofi taratibu huku wakiulizana habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe na za wagonjwa, na hakuna neno la maana linalosemwa kabla hazijaisha. Mimi nilizikatisha, kwa sababu dodoso lilikuwa na maswali arobaini na dunia ya wasomi ilikuwa ikinisubiri. Walionijibu walinijibu ili niondoke. Mzee mmoja aliniambia yeye hupeleka simba Burundi. Nilimwuliza wangapi kwa mwezi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Katika tasnifu sikutaja jina la mtu, maana tulifundishwa maadili ya utafiti. Mama alikuwa Mhojiwa Namba Saba. Kapu likawa “ubadilishanaji wa bidhaa kwa bidhaa usioandikishwa.” Njia ya kwenda kwa bibi ikawa “njia ya panya,” na nikaichora kwenye ramani kwa rula: migomba, bonde, gogo, kilima. Ramani hiyo nilijivunia kuliko kitu chochote. Sura ya mwisho ilikuwa ya mapendekezo ya kisera, kwa kuwa msomi asiyependekeza hajasoma, nikapendekeza kwamba mamlaka zizitambue njia za namna hiyo na kuzidhibiti.

Nilikwenda Kasulu kuchapisha. Karibu na soko kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye mashine ya chapa, miwani imefungwa kwa uzi, anayechapa barua za watu na risala za harusi. Alipanga karatasi tatu na kaboni mbili katikati, akaanza. Siku ya pili alifika kwenye maelezo ya ramani, akaacha kugonga. Akaniuliza kama huyo wa saba ni mtu wangu. Nikamjibu kwamba utafiti hauna undugu. Akauliza nakala ya tatu ni ya nani. Nikasema ni ya ofisi iliyonipa kibali cha utafiti. Lilikuwa sharti lao.

Aliivua miwani, akaifuta kwa khanga. “Mwanangu, karatasi hupotea,” alisema. “Hii yenye njia inaweza kupotea hapa hapa kwangu, na wewe usiwe umefanya kosa.”

Nilimpa mhadhara. Bado naukumbuka, na kila nikiukumbuka natamani ningekuwa nimepaliwa. Nilimweleza kwamba elimu haifichwi, kwamba Afrika haiendelei kwa sababu ya tabia hiyo hiyo ya kuficha. Yule mama, aliyeishia darasa la saba na ambaye alikuwa ameielewa tasnifu yangu kuliko mimi, alivaa miwani yake akaendelea kugonga.

Nakala ya kwanza niliipeleka kwa mhadhiri, ya pili nikabaki nayo. Akanipa alama ya juu, akaandika pembezoni kwa kalamu nyekundu: ramani safi. Sidhani kama alisoma zaidi ya hapo. Nakala ya tatu niliikabidhi kwa afisa mmoja, nimekunja mikono ya shati langu jeupe, na yeye ndiye msomaji pekee makini niliyewahi kumpata.

Niliporudi nyumbani na shahada yangu, gogo lilikuwa limeondolewa. Askari walikuwa wamepiga hema bondeni. Kapu la wifi lilikuwa ndani kwetu, maana lilikuwa limefika siku chache kabla ya hema, na mama alikuwa amekwisha kulijaza chumvi. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwamba askari walifika wameshika karatasi yenye mchoro, na kwenye mchoro ule hata migomba yake ilikuwapo.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama aliniambia nimletee kile kitabu nilichoandika, nimsomee. Ilinibidi nikifasiri kwa Kiha, na hapo ndipo nilipoona ni takataka kiasi gani. Ukurasa mzima wa maneno ya chuo, ukiutia katika Kiha, unabaki mwanamke anampelekea wifi yake chumvi. Nilisoma hivyo hivyo, nikitokwa jasho. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

“Huyu wa saba ni nani?” aliuliza.

Nikamwambia ni yeye. Alitikisa kichwa taratibu, akainuka kwenda kufukuza kuku. Afadhali angenipiga.

Vita vilifika kwenye kilima cha mjomba kabla maharage ya msimu ule hayajakomaa. Tuliona moshi kutoka nyuma ya nyumba. Mama alisimama pale siku nzima akitazama bondeni, na mimi nilisimama naye, bwana shahada, nisiweze hata kumletea kiti. Hakuna aliyepanda kutoka bondeni.

Wiki kadhaa baadaye tulisikia kwamba mjomba na mkewe wako kambini. Mama alijitwika kapu tukaenda. Tuliwakuta mbele ya hema la turubai. Salamu zilipigwa makofi mpaka mwisho, na safari hii sikuzikatisha. Ningetamani zisiishe, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kwamba waliokuwa pale ni wawili. Zilipokwisha, mjomba akasimulia. Alifika kijitoni na mkewe, bibi mgongoni, asubuhi mapema, kama walivyopanga. Gogo halikuwepo, na askari wa upande wetu wakampigia kelele arudi. Akarudi. Wakazunguka kwa barabara ya mbali ambako watu walikuwa wakipitishwa, siku tatu porini kwenye mvua. Bibi alimfia mgongoni siku ya pili, na walimzika kando ya njia.

Mama alilia, wifi yake akamshika. Kisha mjomba akasema, “Dada, njia ile ilikuwa yetu sisi. Nani aliwaonyesha?”

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Lakini mama alinitangulia, wala hakunitazama.

“Askari wana darubini,” alisema. “Wanaona kila kitu.”

Mjomba akakubali. Na mimi nikaacha uongo wa mama unifunike kama mtoto mchanga.

Wifi akamimina chumvi kwenye sufuria. Hakuwa na maharage wala shamba, lakini kapu halirudi tupu, basi akachota mahindi ya njano ya mgawo, yaliyotoka ng'ambo ya bahari, akalijaza, akafunika. Mama alinipa nilibebe. Njia nzima alitangulia mbele, hakugeuka.

Nyumbani aliyamwaga mahindi kwenye ungo, akalipangusa kapu ndani na nje, akaniwekea miguuni. Akaniambia safari hii cha kulirudishia nitafute mimi.