Siku Salamu Zilipofika Mwisho

Mke wangu alianza kucheka hata kabla sijakifungua kifurushi.

"Kumbe wale wazungu wako wapo kweli!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu nilipowatumia pesa vijana fulani wa ng'ambo, waliokuwa wakiomba watu mtandaoni wawachangie watengeneze chaja ya simu ya kubebeka, yenye betri kubwa na paneli ya sola ya kukunjwa. Waliahidi kuileta, wakaahirisha, wakaomba radhi, wakaahirisha tena. Muda huo wote mke wangu alikuwa na mzaha mmoja asiouchoka: "Sisi hapa tunachangiana hospitali na mazishi, na tunayemchangia tunamjua hadi shangazi zake. Wewe umechangia harusi ya watu usiowajua, na hata pilau hukuletewa."

Chaja ile niliitaka kwa ajili ya baba.

Baba anaishi nasi hapa mjini, mtaa wa Wabera, tangu kiharusi kilipomwachia mguu wa kulia unaoburuzika. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na ng'ombe wake wa mwisho, wale ambao hakukubali kamwe kuwauza, wanachungwa na rafiki yake wa tangu utotoni, mbali kule Sericho. Daktari alimwagiza baba afanye mazoezi ya kutembea. Kwa ajili ya daktari asingetembea. Lakini kila asubuhi alijikokota uani akishikilia ukuta, akaenda na kurudi huku jasho likimtoka, na ukimwambia apumzike anakujibu, "Nitawaendeaje ng'ombe na mguu huu?"

Habari za ng'ombe hao zilikuwa shida kuzipata. Rafiki yake alikuwa na simu ndogo ya mulika mwizi, ile ya vitufe na tochi, kuukuu, yenye betri isiyokaa na moto. Aliichaji dukani kule senta, akapiga, nao wakaanza kusalimiana. Sasa, kwetu Waborana salamu haiharakishwi. Baada ya salaam aleikum huulizwa watu wa nyumbani, watoto, majirani, mvua, malisho, kisha mifugo. Na kila swali huitikiwa nagaa, yaani amani. Nagaa huitikiwa hata kama kuna maiti ndani ya nyumba. Habari yenyewe, iwe njema au mbaya, husubiri hadi salamu ziishe. Baba naye aliwaulizia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi: yule mwenye uso mweupe, yule mwekundu wa pembe moja, yule mama yao aliyechechemea. Nagaa, nagaa, nagaa. Halafu simu inazimika.

"Betri yake imekwisha tena," baba husema, akinipa simu niiweke. "Alikuwa karibu kufika kwenye habari."

"Baba, si ungeanza na habari, salamu zifuate?"

"Wewe ulisomea wapi adabu hiyo? Chuo kikuu?"

Ukame ulikuwa umeitesa nchi ile misimu kadhaa. Sokoni nilisikia mengi, nami nilidiriki mara moja kumwambia baba kwamba watu wa Sericho wamepoteza mifugo. Alinikatiza. Habari ya ng'ombe wa mtu, alisema, huletwa na yule anayewachunga, si na wapita njia. Basi nikaamua kwamba kinachokosekana ni umeme tu. Mimi ni mtu niliyesoma. Nikiona kimya, hutafuta kifaa cha kukitibu.

Niliijaribu chaja siku kadhaa uani, baba akiwa mtazamaji na hakimu. Siku ya kwanza niliianika juani kama maelezo yalivyoagiza. Kabla ya adhuhuri taa nyekundu ikawaka na chaja ikajizima kwa joto.

"Kitu cha jua kinaogopa jua?" baba aliuliza. "Wenyewe wanaishi wapi, hao walioitengeneza?"

Nikaiweka betri kivulini, nikaiacha paneli peke yake juani, waya ukiwa katikati. Ikafanya kazi. Simu yangu kubwa iliichaji vizuri kabisa. Lakini nilipoijaribu kwa simu ndogo ya jirani, aina ile ile ya rafiki wa baba, ilichaji kwa muda mfupi ikaacha. Nikawasha, ikaacha. Nilichukua siku nzima kuelewa: simu ile ilivuta umeme kidogo mno, hata chaja ikadhani hakuna kilichochomekwa, ikajifunga. Vijana wale hawakuwa wamefikiria simu ndogo kiasi hicho. Mwishowe nikagundua kwamba ukibonyeza kitufe mara mbili, haijizimi. Baba alipiga paja kwa furaha kama aliyegundua ni yeye.

Tuliituma kwa landkruza ya binamu yangu apelekaye bidhaa Sericho, nikamfundisha kila kitu: kivuli, waya, kitufe mara mbili. Baada ya siku chache, alasiri, simu ya baba ikaita. Niliifungulia spika, kwa kuwa mkono wake huchoka kuishika.

Sauti ya rafiki yake ilikuja safi. Wakasalimiana. Watu, nagaa. Watoto, nagaa. Mvua, nagaa. Mwenye uso mweupe, nagaa. Wa pembe moja, nagaa. Baba aliwapitia wote, na simu haikuzimika. Nilimwona akitabasamu. Nami, nikiri, nilitabasamu pia. Nilikuwa nikijisifu moyoni.

"Haya," baba akasema, akijiweka sawa kitini. "Sasa nipe habari."

Kimya kilikuwa kirefu hata nikaangalia kioo cha simu. Dakika za maongezi zilikuwa bado zinaendelea kuhesabiwa.

"Betri ipo?" baba aliuliza.

"Ipo. Imejaa."

"Basi sema."

"Hawapo."

"Nani hawapo?"

"Ng'ombe. Wote."

Yule mzee akaendelea mwenyewe, polepole. Wengine walianguka njiani wakienda kisimani. Waliobaki walikuwa mifupa mitupu, na mvua iliponyesha, ile mvua waliyoiomba, baridi yake ikawamaliza. Ilikuwa kabla ya Ramadhani.

"Kabla ya Ramadhani," baba alirudia. Tulikuwa tumeshasherehekea Idi kitambo.

"Simu ilikuwa mbovu, wallahi. Lakini kuna siku nilibonyeza kuizima mwenyewe."

"Na wako?"

"Wangu walitangulia."

"Walitangulia vipi?"

"Maji yalikuwa machache. Niliwanywesha wako kwanza."

Baba akasema inna lillahi, akanyoosha kidole akaikata simu. Sikuwahi kumwona akiikata simu yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata hakutoka kwenda uani. Nilimletea fimbo, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mke wangu, ambaye kwa mzaha hana mfano, hakufanya mzaha wowote. Alikaa karibu naye akimchambulia tende mbegu. Siku hizo hizo vijana wa ng'ambo waliniandikia kuniomba maoni: je, kifaa kilitimiza ahadi? Kilitimiza. Sikuweza kupata kasoro yoyote ya kuandika ila ile ya simu ndogo. Nikaiandika hiyo.

Sijui kama nilifanya vyema. Wapo wanaoniambia kwamba mtu anastahili kujua ukweli wa mali yake, nami huwaitikia. Lakini nilimwona mtu akitembea, na sasa namwona amekaa.

Simu ya Sericho haizimiki tena. Kila alasiri rafiki yake hupiga, na baba hugeuza uso. "Mwambie nimelala," husema, macho wazi. Wiki nzima nilimwambia hivyo. Juzi nikachoka kusema uongo, nikapokea nikaanza salamu mimi. Watu, nagaa. Watoto, nagaa. Mvua, nagaa. Tulipofika mahali pa ng'ombe sote wawili tukanyamaza, kisha mzee akapavuka.

"Amekula leo?"

"Kidogo."

"Usimlazimishe kuja kwenye simu. Mimi nitapiga tu. Mwambie nipo, siku hizi sina pa kwenda asubuhi."

Sikuhitaji kumwambia. Nilikuwa nimeifungulia spika, na baba alikuwa amekaa pale pale karibu yangu, akisikia.