Jumamosi Tuliyofyeka Matete

Nimeishi sehemu nyingi, zote kwa muda mfupi. Nimechimba mchanga Kisesa, nimepiga rangi mageti Igoma, nimelala kwenye stoo ya mashine ya kusaga Nyakato. Shule niliiacha mapema, lakini kuchungulia mambo sijawahi kuacha. Ndiyo maana nilipopata kazi ziwani, kwa mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa, jioni ya kwanza tu nilikunja suruali nikaingia kwenye matete yaliyokuwa jirani na vichanja vyake.

Kulikuwa kunanuka. Mfereji wa mtaa uliishia pale, na kila ambacho watu hawakutaka kukiona majumbani mwao kilishuka nao: pampasi, nywele za saluni, utumbo wa samaki, maji ya chooni. Juu ya uozo huo yangeyange walikuwa wamejenga viota, wakapaka matete mavi meupe. Nilipenya kwa shida mpaka upande wa pili. Huko maji yalikuwa maangavu, naviona vidole vya miguu yangu. Hapo ndipo mama alipokuwa akichota maji ya kuoshea dagaa.

Yeye ndege hao hakuwapenda hata kidogo. "Wanakula dagaa wangu, halafu wananyea wanaobaki," aliniambia. "Hata mume wangu wa kwanza alikuwa na adabu kuliko hawa."

Mwenyekiti wa mtaa alipopita kutangaza usafi wa Jumamosi, alisema wageni wanakuja kuangalia ufukwe, kwa hiyo matete yote yafyekwe, kila nyumba itoe mtu na panga.

"Shikamoo mwenyekiti," nikamwambia. "Hayo matete ndiyo yanazuia taka za mfereji. Na ndege wana makinda humo."

"Marahaba. Wewe umehamia hapa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Basi waache waliozaliwa hapa wafanye usafi."

Watu wakacheka. Mama akacheka kuwashinda. "Mwacheni, anatafuta mchumba yangeyange."

Jumamosi walifyeka kuanzia asubuhi. Matete yalipolala, makinda yalilala nayo, mengine hayajaota manyoya, yamefungua midomo kana kwamba yanaletewa chakula. Watu waliyakanyaga wakipita na mafurushi. Mmoja aliyakusanya kwenye ndoo akawapelekea mbwa wake. Kisha wakawasha moto, na harufu ya manyoya yanayoungua ikaingia kwenye nguo, kwenye chai, kwenye mate yangu. Walipomaliza walipiga picha kwa simu, mapanga mabegani, wakasema panapendeza. Sijawahi kuona watu wachafu kiasi kile wakiosha mikono.

Mvua ya kwanza iliyonyesha baada ya hapo ilileta kila kitu. Mfereji haukuwa na pa kutua, ukamwaga moja kwa moja mahali pa mama pa kuchotea maji. Alijitahidi kusogeza uchafu kwa mti na kuchota katikati. Dagaa wake wakauka na harufu isiyo yao. Wanunuzi walichota kiganjani, wakanusa, wakarudisha. Wageni nao walikuja kweli. Walishuka kwenye gari, wakaziba pua, wakapanda tena.

"Nani katupa haya yote?" mama akaniuliza.

"Yanatoka mferejini."

"Mfereji upo siku zote."

"Na matete yalikuwepo siku zote."

Wiki ile tulihamisha vichanja hadi ng'ambo ya mawe makubwa, penye kijito na matete mengine. Haukupita muda yangeyange wakaanza kutua. Mama aliwatazama mikono kiunoni.

"Wametufuata. Kalete panga."

Nilileta ndoo mbili. Moja niliijaza pale kijito kinapoingia kwenye matete, nyingine upande wa pili, maji yanapotokea, nikaziweka miguuni pake. Aliinama akanusa ya kwanza, akakunja uso. Akanusa ya pili. Alikaa hivyo, ameinama, mpaka nikadhani mgongo umemkamata.

"Nenda kwa wavuvi," akasema, "waombe nyavu mbovu tufunike vichanja. Hao wachumba zako wanyee juu ya nyavu."

Walinyea, na bado wananyea. Kila asubuhi nazikung'uta nyavu hizo nikiwa nimebana pumzi. Juzi mwenyekiti alikuja na tangazo lake la usafi, akasema huku nako kumekaa vibaya, kuna msitu.

"Karibu sana," mama alimwambia bila kuacha kuchambua dagaa. "Atakayekuja na panga huku, aje na maji ya kuoshea dagaa wangu. Kila siku."

Mwenyekiti alicheka, akasubiri mama naye acheke. Mama hakucheka. Mwenyekiti akaondoka kwa njia ya ufukweni, na alipofika pale tulipopasafisha nilimwona akitoa leso, akaibandika puani.