Gedara kwenye Mfuko wa Mkasi

Kwa miaka saba nilifanya kazi katika chumba cha sare cha hoteli moja mjini Doha, ghorofa ya chini kabisa, kusiko na dirisha. Mashine ya kudarizi ilikuwa yangu: majina ya wapishi vifuani, nembo ya hoteli kwenye taulo. Cherehani ya pili ilikuwa ya fundi kutoka Sri Lanka, mtu wa makamo aliyenitangulia pale kwa miaka mingi. Nilimwita ayya, yaani kaka. Yeye aliniita nangi, mdogo wake wa kike. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga na Kiarabu cha dukani.

Kila jioni akifunika cherehani yake alisema, "Nangi, gedara yamu." Twende nyumbani. Nyumbani kwake pale ilikuwa kitanda cha juu katika chumba cha watu sita, mtaa wa Najma, lakini alilitamka lile neno kama mtu aliyesikia harufu ya mchuzi mlangoni.

Alipotuambia kwamba mkataba wake umekwisha na hasaini mwingine, niliamua kumshonea mfuko wa mkasi na kuudarizi neno hilo, gedara, kwa Kisinhala, maandishi ya kwao. Herufi zenyewe zimeviringana vizuri, ila sikuijua hata moja. Nikamwendea dereva wa basi la wafanyakazi, naye wa hukohuko. Akaliandika kwenye simu yake, akalituma kwenye kompyuta ya mashine yangu pamoja na faili la herufi zao. Nikachagua uzi wa zafarani, nikashona.

Siku mbili kabla ya safari nikampa. Aliupapasa mshono kwa kidole gumba, kama alivyokagua kazi zote, kisha kidole kikarudi kwenye herufi ya kwanza.

"Ayya, nimekosea?"

"Mshono hauna kosa," alisema. "Lakini hiki kijipete kimekaa upande wa pili."

Akanionyesha. Herufi ya kwanza ni ga. Ili isomeke ge, hutiwa kijipete kushoto kwake, wanachokiita kombuva. Changu kilikuwa kulia, kimeiegemea herufi ya pili, da, ikawa de. "Sasa ni gadera," alisema. "Haina maana yoyote."

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Tukapanda juu kwa dereva. Kwenye simu yake neno lilikuwa sawasawa. Ayya akaichukua, akaandika kama mkono ulivyozoea, kijipete kwanza. Simu ikachora kijipete kando ya duara tupu la vinukta, mahali pa herufi inayokosekana.

"Anza na ga," dereva akamwambia.

Akabonyeza ga, kisha kijipete, nacho kikaruka na kukaa kushoto kwa ga.

"Ndani ya simu ga ndiyo inatangulia," dereva alieleza. "Simu inajua kukihamisha kijipete wakati wa kuonyesha. Kompyuta yenu kongwe haijui, imevipanga kama ilivyovipokea."

Ayya alifuta, akaandika tena, akafuta, huku anacheka peke yake. "Tangu darasa la kwanza naanza na kombuva," alisema. "Kumbe simu imesoma shule nyingine."

Tuliporudi chini aliliandika neno kwa kalamu kwenye karatasi. Nikaipiga picha, nikaifuatisha mistari yake kama ninavyofanya nembo, nikashona mfuko mwingine kwa mwandiko wake, ulioinamia kulia kidogo. Safari hii alitikisa kichwa kwa namna yao, ile ya kukubali. Nikanyoosha mkono nichukue ule wa kwanza nikaufumue.

"Uache," alisema. "Kwetu kila mtu anaweza kuandika gedara. Hii gadera ameishona nangi wangu." Akaikunja yote miwili, akaitia begini, mmoja wa mkasi, mmoja wa miwani.

Aliondoka Ijumaa mchana. Niliomba ruhusa ya nusu saa nikamsindikiza hadi kwenye gari, nimemshikia begi la mkononi. Alikutanisha viganja kifuani, nami nikaweka mkono moyoni. Nikarudi chini kumalizia taulo za bwawa la kuogelea. Uzi ulinikatikia mara mbili, na kila nilipotaka kuutia sindanoni macho yalikuwa hayaoni vizuri.