Valvu za Mzee, Transista za Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa duka letu la redio pale Nakuru hakuniuliza nilisomea wapi. Alifungua amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa, akasema, "Chebet, mkono mmoja uweke kwa mfuko. Ukishika hapa na pale pamoja, stima itapita kwa roho."

"Lakini Mzee, hii sketi haina mfuko."

Akavua dastikoti lake akanivisha. Lilinifika miguuni. Nililivaa mpaka likaisha viwiko, na kila nilipoletewa jipya nililikataa.

Bosi wa pili alikuwa Meneja, shemeji yake Mzee, mtu wa transista, vile vidude vidogo vilivyokuja kuchukua kazi ya valvu. Transista haihitaji kungoja ipate moto kama valvu. Ukibonyeza swichi inapiga papo hapo, na ina nguvu za kusukuma spika kubwa. Meneja mwenyewe alikuwa hivyo hivyo: hujamaliza salamu, ashajibu. Mzee ukimuuliza jambo asubuhi, alikujibu baada ya chai.

Basi wakagombana. Meneja alisema valvu zinazeesha duka. Mzee akasema transista zinapiga kelele, haziimbi. Ikafika mahali wakawa wanaongea kupitia kwangu, nao wameketi meza moja! Kisha Meneja akatafuta chumba ng'ambo ya barabara afungue duka lake, na kila mmoja akanivuta kando kuniuliza nitaenda na nani. Niliwapenda wote wawili.

Ndipo mkulima mmoja wa Rongai akaleta spika zake ndefu. Kwa amplifaya ya Mzee ziliimba vizuri, ila besi ililegea. Kwa ya Meneja zilitikisa meza, ila sauti za juu zilimkwaruza masikio.

"Boss," akasema, "mimi nataka tu kwaya ya kanisa yetu ikae na sisi sitting room. Wote, hadi wale wanaume wa nyuma."

Nyuma ya kila spika palikuwa na sehemu mbili za kufungia waya: moja ya besi, nyingine ya twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu. Kibati kiliziunganisha. Nikakitoa. Twita nikazipa valvu za Mzee, besi nikazipa transista za Meneja, na kanda moja ya kwaya ikalisha amplifaya zote mbili. Nikapunguza huku, nikaongeza kule, mpaka hakuna aliyemfunika mwenzake.

Nikazima, na kila kitu kilipopoa nikawaita, nikawasha tena. Besi ikaja peke yake, dum, dum. Meneja akacheka.

"Sasa Mzee wako ako wapi?"

"Ngoja apate moto," Mzee akasema. Hakuwa amemjibu uso kwa uso kwa muda mrefu.

Valvu zikapata joto, na sauti za akina mama zikaingia polepole juu ya zile za wanaume. Mkulima akavua kofia. Meneja akavuta kiti kando ya shemeji yake, wakaanza kubishana kuhusu unene wa waya. Kile chumba cha ng'ambo kilichukuliwa na kinyozi.

Siku hizi nimestaafu. Vijana wana vispika vya kutia mfukoni, na sina ugomvi navyo. Mabosi wangu tulishawazika wote wawili, nami nawakumbuka sana. Amplifaya zao ziko sebuleni kwangu. Mgeni akisikia besi peke yake hudhani kitu kimeharibika, akanyoosha mkono azime.

"Wacha," namwambia. "Huyo ni Meneja. Mzee anakuja."