Siku Tuliyomzungusha Mtoto Viwandani

Mtoto wa mjukuu wangu alianza kulia akiwa bado mchanga kabisa, na hakulia kama watoto wanavyolia. Nimezaa saba na wajukuu nimewapokea kwa mikono hii hii. Kilio cha njaa nakijua, cha tumbo nakijua, cha kudeka nakijua pia. Hiki kilikuwa kilio cha mtu anayebisha mlango huku anasikia watu wakicheka ndani.

Titi alilishika kidogo, akaliachilia, akalia. Mapaja yake yakalegea ngozi kama soksi ya kuazima. Sista wa kliniki akampima, akampima tena, akasema arudishwe Jumatatu. Kama hajaongeza kilo atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Mjukuu wangu ni mwalimu. Gari amelinunua yeye mwenyewe, si mume, na hilo nawaambia watu hata wasiponiuliza. Lakini siku hiyo aliingia kwangu, mtaani Manyatta, akaketi kwenye kochi bila kuvua viatu, mtoto kifuani. Nikajua mambo yameharibika.

Kwetu mtoto akilia hivyo, anatafutwa jina. Kuna mtu wetu aliyekufa anayetaka kuitwa tena, na mtoto hatulii mpaka aitwe huyo. Unawataja wafu mmoja mmoja. Ukimpata mwenyewe, mtoto ananyamaza. Nilikuwa nimeshataja. Nilimtaja mama yangu, nikamtaja mama mkwe ingawa hatukupendana, nikamtaja shangazi aliyemezwa na ziwa. Mtoto alililia majina yote.

"Dana, sisi tumeokoka," mjukuu wangu akaniambia. Dana ndiyo nyanya kwa Kijaluo.

"Hata mimi nimeokoka," nikamjibu. "Na mtoto bado analia."

Kitu kimoja tu kilimtuliza: gari likitembea. Likisimama, anaamka na kuanza upya. Basi Jumapili, siku moja kabla ya kliniki, tulipotoka kanisani mjukuu wangu akasema tusiende nyumbani.

"Leo tutazunguka kama watalii. Kuna safari kwenye simu, ya kujiendesha mwenyewe. Inakuonyesha Kisumu ya zamani, reli na viwanda."

"Mimi ndiye Kisumu ya zamani," nikasema. "Simu itanionyesha nini?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. Nikakaa nyuma na mtoto mapajani.

Mwanamke wa ndani ya simu alikuwa na Kiswahili cha redio. Kulia kwenu, stesheni ya reli. Mbele yenu, bandari. Nilibishana naye njia nzima. Jengo aliloliita stesheni mimi nalijua, ni choo cha stesheni. Bandarini magugu yalikuwa yamefunika maji mpaka ungedhani ni shamba la mtu, na mbali ziwani kulisimama moshi mweusi, mrefu, usioyumba.

"Kuna kinachoungua," mjukuu wangu akasema.

"Si moshi. Ni wale wadudu wa ziwa, sam. Leo wametoka wengi."

Lakini hata mimi sikuupenda. Ulikuwa kama moshi wa kiwanda, na pale hapana kiwanda.

Tukapita maghala yenye milango ya kutu, tukapita mabomba yasiyopeleka kitu popote. Jua lilikuwa la utosi na barabara haikuwa na mtu, hata mbwa. Mtoto alikuwa kimya kwa sababu gari lilitembea. Mwanamke wa simu akasema kata kushoto, kisha kulia, kisha akasema: Mmefika.

Barabara iliishia kwenye lango la mabati. Ilibidi mjukuu wangu asimame. Alikaza mabega, kama mtu anayengoja kupigwa, akingoja kilio.

Kilio hakikuja.

Nikamtazama mtoto. Macho yalikuwa wazi, ameyainua juu ya bega langu, jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyesimama karibu nawe. Nikageuka. Palikuwa na magugu na ukuta, na dirisha lisilo na kioo.

Hapo ndipo nilipogundua masikio yangu. Niliwahi kufuma nguo kiwandani, na mashine ziliniachia mvumo usiokoma. Nalala nao, naamka nao, hata mazishini upo. Pale langoni ulikuwa umezimika. Nikasikia majani yakisuguana. Nikamsikia mtoto akipumua.

Soja wa kulinda lango akatokea kwenye kibanda, redio mkononi. "Mama, mnamtafuta nani? Hapa hakuna mtu."

"Nilifanya kazi hapa kabla hujaota meno."

Akaangalia saa yake. "Basi umechelewa shifti, Mama."

Tukacheka wote isipokuwa mtoto. Yeye alikuwa bado anatazama juu ya bega langu.

Ndani ya kile kiwanda huwezi kusikia hata mawazo yako. Tuliongea kwa midomo na mikono, na kila mwanamke alikuwa na ishara yake. Mimi nilitajwa kwa kupigwa paja mara mbili, kwa sababu ya mapaja yangu, na sikukasirika, yalikuwa mapaja ya kutazamwa. Mwenzangu wa mashine ya mkabala alikuwa na ndewe ya sikio iliyochanika. Ukitaka kumwita unagusa sikio, kisha unafungua kiganja kama unayemwachilia ndege. Jambo la ajabu, aligeuka hata akiwa amekupa mgongo. Alisema anahisi shingoni.

Hakuolewa, hakuzaa. Nilipokuwa na mimba ya mama wa huyu mjukuu wangu, yeye ndiye aliyenishikia mashine nikienda kutapika. Siku moja aliweka kiganja tumboni kwangu, akasema kwa midomo tu, mashine zikinguruma: "Nyumba hii ndiyo itakayoniita." Kisha homa ikampata, akafa. Kaka zake wakamchukua, wakamzika nje ya ua, kama anavyozikwa binti aliyefia kwao bila mume. Nani angempa mtoto jina la mtu wa nje ya ua? Hakuwa ukoo wetu. Kwenye wafu niliowataja, hakuwemo.

Mjukuu wangu akarudisha gari nyuma. Mara ule mvumo ukanirudia masikioni, na mtoto akafungua mdomo. Niliiona sauti ikimpanda kooni.

"Simama!" nikasema.

Akasimama. Nikataka kumtaja yule mwenzangu kwa jina lake la kawaida, ulimi ukakataa. Sikuwahi kumwita hivyo. Basi nikagusa sikio langu, nikafungua kiganja.

Mtoto akafunga mdomo. Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima aliyetua mzigo, kisha akaanza kutafuta titi kwenye gauni langu, kwangu mimi kikongwe. Nikampitisha mbele kwa mama yake. Alinyonya pale pale langoni mpaka maziwa yakamtiririka shingoni.

"Dana, umemfanya nini?"

"Nimemwita."

"Jina gani? Sikusikia kitu."

Nikamwambia yote. Nilipofika pa kaburi nje ya ua, akashika usukani kwa nguvu. "Huyo si damu yetu. Sitaki mtoto wangu awe wa huyo."

"Unataka anyonye au hutaki?"

Machozi yalimtoka, lakini mtoto hakumtoa titini.

Jumatatu sista alimweka kwenye mizani, akaigonga mizani kwa kidole kama imeharibika. Mtoto alikuwa ameongeza. "Mmempa nini nyinyi?" akauliza. Mjukuu wangu akasema ni maziwa tu.

Sasa mtoto anatembea. Ana jina la kanisa na jina la baba yake, na ukimwita kwa hayo anakuja akipenda. Ishara ile mama yake alinikataza, nami nilimtii muda mrefu. Mwezi uliopita nilishindwa. Mtoto alikuwa amechuchumaa uani, amenipa mgongo, anapanga vifuniko vya soda, na mashine ya jirani ya kusaga posho inanguruma. Nikagusa sikio. Nikafungua kiganja.

Aligeuka. Akanitazama bila kutabasamu, kisha akajipiga paja mara mbili.

Ishara ile yangu sijamwonyesha mtu yeyote tangu kiwanda kifungwe.