Wiki Mbili Kabla ya Homa Bay, Tulimuuza

Nilikuwa mmoja wa watu saba waliomuuza. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu nimechoka kuwasikia wenzangu sita wakisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa mvua iliyonyesha yenyewe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa cherehani pale Suna, kwenye veranda ya duka la vitambaa. Timu yetu ya mpira ilivaa fulana nyeupe zilizoandikwa namba kwa rangi ya viatu, na mvua ikinyesha namba zilitiririka mpaka kwenye kaptula. Niliona aibu. Nikashona jezi kumi na tano za kijani, na namba nikazikata kwenye shuka langu la kitanda. Baada ya hapo wanaume wa kamati hawakuwa na namna, wakanipa kiti. Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa saruji na mabati, alinikaribisha kwa maneno mazuri, lakini kila nilipotaka kusema jambo juu ya mchezo wenyewe aliniuliza kama uzi umeisha. Watu walicheka. Na mimi nilicheka nao.

Mshambuliaji wetu alitoka Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu. Baba yake alifukiwa na udongo shimoni yeye akiwa bado mdogo. Mama yake aliendelea kuosha mchanga kwa karai, na mtoto akakua akiponda mawe. Alipokuja Suna alikuwa na miaka ishirini hivi. Hakuwa mrefu, wala hakuwa na mbwembwe. Lakini mpira ukimfikia karibu na goli aligeukia bega la kushoto, na beki akabaki amekodolea macho mahali ambapo mtu hayupo tena. Wanawake wa sokoni walifunika omena zao, vile visamaki vya ziwa, kwa gunia wakaja uwanjani. Wakuria, jirani zetu wa kabila jingine, walishuka kwa baiskeli kutoka upande wa Kehancha kuja kumtazama, na akifunga, watu waliogombania ng'ombe asubuhi walikumbatiana jioni.

Msimu huo tulibakiwa na mechi moja tu, ugenini Homa Bay. Tukishinda tunapanda daraja. Suna haikuwahi kupanda chochote. Niliona vinyozi wakinyoa watu huku wakipanga kikosi kwa vitana, na paroko, ambaye hakupenda mpira, alituombea mwisho wa misa.

Kisha mwenyekiti akaita mkutano. Ulikuwa Jumapili mchana, maana nusu ya kamati walikuwa Wasabato, kwenye chumba cha nyuma ya duka lake, kati ya mifuko ya saruji. Tulimkuta ameketi na mgeni aliyevaa koti, ametoka Nairobi kwa niaba ya klabu moja kubwa.

"Ndugu zangu," mwenyekiti akaanza, "hata Ulaya wanauza wachezaji. Klabu isiyouza inakufa. Sisi tunatoa mtu mmoja, tunapata jezi mpya, viatu vya timu nzima, mipira, na hawa wakubwa wenyewe watakuja kucheza na sisi hapa Suna. Mtu mmoja kwa timu nzima. Hasara iko wapi?"

"Mwenyewe mmemuuliza?" nikasema.

"Atafurahi. Nani hataki Nairobi?"

"Na mechi ya Homa Bay?"

Mgeni ndiye aliyejibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Tunamtaka wiki hii. Akivunjwa mguu huko mashambani, sisi tutamfanyia nini?"

Huko mashambani. Nilisikia masikio yakiniwaka. Mwenyekiti akanitazama, akatabasamu. "Mama, wewe tuachie mambo ya mpira. Wanaokubali?"

Mikono sita ikapanda. Na wangu ukapanda.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini. Nilimfikiria winga wetu, aliyecheza kwa raba zilizofungwa kamba za katani. Niliviona viatu vipya miguuni mwa wale vijana. Pia niliogopa kuwa mwanamke mmoja anayezuia jambo la wanaume, halafu kesho nisikie limesemwa sokoni. Sababu zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayonisafisha.

Kesho yake asubuhi mshambuliaji wetu alikuja kwenye veranda yangu. Alisimama tu kando ya mashine, mikono nyuma.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wamesema niondoke Jumatano. Nimewaomba nicheze Homa Bay kwanza, ndiyo niende. Mwenyekiti amesema mimi si wa Suna tena, nikivaa jezi ya kijani ni wizi." Akaokota uzi ulioanguka, akauweka mezani. "Mama yangu hajui. Nyumbani siwezi kwenda kabla ya Jumatano, kila siku naitwa kutia sahihi karatasi. Utaenda kumwambia?"

Angenitukana ningepata nafuu. Hakunitukana. Labda hakujua kwamba niliinua mkono, na mimi sikumwambia.

Nilikwenda Macalder siku hiyohiyo aliyopanda basi la Nairobi. Nilimkuta mama yake amechutama kando ya maji, karai mkononi, akizungusha matope taratibu kutafuta chembe chini yake. Nilimweleza yote. Aliendelea kuzungusha karai mpaka nikafika kwenye neno kuuza.

"Nyaminwa," akaniita, yaani dada yangu, "hii maneno ya kuuza mtu mimi sijaelewa. Nani ameuza?"

"Kamati."

"Kamati ilimzaa?"

Nikachutama kando yake.

"Msichana akiolewa," akasema, "wageni wanakuja nyumbani. Wanakaa. Tunawauliza wametoka wapi, wanakula nini, nani atamwangalia akigonjeka. Tunabishana mpaka jua linatua. Huyu wangu amechukuliwa kama kuku ambaye amepotea njia." Akamwaga matope yote yaliyokuwa karaini, pamoja na chochote kilichokuwamo, akaingia nyumbani bila kuniaga.

Hasira yangu ilianza hapo. Nilirudi Suna nimeibeba kifuani kama kaa la moto, na bado sikujua nimtupie nani, kwa kuwa wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi.

Homa Bay tulikwenda bila yeye. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na mpira wa juu ulirudi kama umeitwa. Mwenyekiti alimweka mpwa wake mbele, kijana mwenye adabu nyingi na miguu mizito. Mara tatu mpira ulimkuta peke yake na kipa. Mara ya kwanza aliupiga juu. Mara ya pili alimpiga nao kipa tumboni. Mara ya tatu alisimama kabisa, akatazama nyuma, kana kwamba anamsubiri mwenye kazi. Kulikuwa na dakika chache tu zimebaki wenyeji walipofunga moja kwa kona. Mechi ikaishia hapo. Beki wetu wa kati, mtu mzima mwenye watoto wanne, alijilaza kwenye nyasi akalia kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Tulipokuwa tunangoja gari, katibu wa timu ya Homa Bay, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alituletea maji ya kunywa. Akauliza mshambuliaji wetu yuko wapi, maana vijana wake hawakulala vizuri kwa kumwogopa.

"Tumemuuza Nairobi," nikasema.

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Alivua miwani. "Mama, kabla ya mechi hii? Msimu haujaisha?"

Nilimuuliza kama wao hawauzi. Akasema wanauza; wenyewe walimtoa kiungo wao mwaka uliotangulia. Lakini walimkatalia mnunuzi mpaka msimu umalizike. Walimwita baba yake kijana akaketi mezani. Waliandika kwamba akiumia, klabu iliyomchukua itamtibu, na kwamba klabu hiyo itakuja kucheza Homa Bay kabla kijana hajapanda basi, si baadaye. Ikaja. Watu walijaa mpaka juu ya miti, na kutokana na mapato ya mechi ile wakajenga ukuta wa uwanja na chumba cha kubadilishia nguo. Alinionyesha chumba chenyewe. Kilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, limejaa.

"Kuuza si dhambi," mwalimu akasema. "Hata shamba huuzwa. Ila mtu haamki tu akauza shamba likiwa na mahindi mabichi."

Hakusema kwa dharau, lakini afadhali angenipiga kofi. Mpaka siku ile nilikuwa nikijifariji kwamba timu ndogo hazina la kufanya, mkubwa akitaka anachukua. Kumbe mwendo wa saa chache tu kutoka kwetu watu wadogo kama sisi walikaa wakafikiri, wakasema hapana, kisha wakasema ndiyo kwa masharti yao. Sisi tulikosa mtu wa kusema hapana. Na kulikuwa na kiti kimoja mle ndani ambacho kingeweza kusema, nacho nilikikalia mimi.

Malipo yetu yalifika kwa basi mwezi uliofuata. Ilikuwa gunia moja. Ndani mlikuwa na jezi zilizochakaa za ile klabu kubwa, zinanuka uvundo, nyingine zimechanika kwapani. Hapakuwa na viatu. Mipira ilikuwa miwili, mmoja haukushika upepo. Mwenyekiti alinitumia gunia lote na ujumbe kwamba nifumue nembo za kifuani, nishone zetu.

Nilishika wembe nikaanza. Nembo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye jezi ya nne nilikuta damu kavu kwenye kola, damu ya mtu nisiyemjua, hawakujali hata kuifua. Nikaweka wembe chini. Nikalibeba lile gunia kichwani, nikakata soko katikati, siku ya soko, nikamwaga kila kitu juu ya kaunta ya mwenyekiti mbele ya wateja wake.

"Hii ndiyo timu nzima uliyosema?"

"Mama, punguza sauti."

"Hawa wakubwa wanakuja lini kucheza Suna?"

"Mambo haya yana utaratibu. Wewe huelewi."

"Nieleweshe basi! Wewe umepata nini?"

Akaanza kuzirudisha jezi guniani. Tulipata jibu wenyewe miezi michache baadaye, alipotangaza kwamba anagombea udiwani, na yule mgeni wa koti akapanda jukwaani kumwombea kura, na nyuma yake magari ya kuazima kutoka Nairobi. Klabu haikufaidika. Kuna mtu alifaidika, naye alitumia jina la klabu kama mtu anavyotumia mgongo wa punda.

Mshambuliaji wetu tulimsikiliza kwenye redio. Jumamosi na Jumapili wanaume walizunguka redio ya kinyozi, wakingoja mtangazaji alitaje jina lake. Alitajwa mara mbili, zote akiingia dakika za mwisho. Halafu akanyamaziwa. Hakuna aliyemwandikia barua. Kamati haikumwandikia, na mimi pia sikumwandikia.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, akichechemea. Alikuwa ameumia goti mazoezini. Walimpa vidonge, wakamwambia apumzike, na alipokuwa amepumzika wakampa kitanda chake mtu mwingine.

Niliitisha mkutano. Nilimleta mwenyewe, nikamketisha kwenye mfuko wa saruji, nikaomba kamati impeleke hospitali.

Mwenyekiti hakumtazama. "Pole sana, kijana. Lakini tuseme ukweli. Huyu si mchezaji wetu. Tulimuuza."

Sijui nilisemaje, ila wenye maduka ya jirani walitoka nje. Najua niliwaita wezi. Najua nilimwambia mmojawao, mzee wa kanisa, kwamba Sabato yake ni ya bure. Kisha nikasema, mbele ya yule kijana, kwamba na mimi niliinua mkono siku ile. Aliniangalia. Nikauliza nani yuko tayari kuuinua tena, safari hii kwa ajili yake. Mifuko ya saruji ingekuwa na mikono, huenda ingeinua. Wao walikaa tu.

Nilimpeleka mimi, pamoja na yule beki aliyelia. Kule hospitali ya Homa Bay daktari alilibonyeza goti, akalikunja, akauliza liliumia lini. Alipojibiwa akatikisa kichwa. Akasema lingeshughulikiwa wiki ya kwanza angekuwa anacheza. Sasa atatembea, hatakimbia.

Njiani kurudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Mama, wacha tu. Kule nilikula vizuri." Na upole wake ule uliniudhi kuliko kitu chochote. Nilitaka akasirike. Nilimwambia akasirike! Akageuza uso dirishani, nikaona shingo yake inatetemeka, nikajuta kwamba hata hasira yangu nilitaka yeye anibebee.

Alirudi Macalder kuosha mchanga kando ya mama yake. Timu yetu ilicheza msimu mmoja zaidi, watazamaji wakipungua kila wiki, kisha ikavunjika bila mtu kuivunja. Mwenyekiti alishinda udiwani.

Kabla ya uchaguzi alinitumia mtu na jora la kitambaa, niwashonee wafuasi wake kofia. Nilisema mashine imeharibika. Akaja mwenyewe kuhakikisha, akasimama hapo kwenye veranda na msafara wake wote. Niliendelea kukanyaga pedali, nikishona gauni la mtu, na sikuinua macho mpaka akaondoka.